Mwalimu Aliyetuachia Tugawane Maksi

Mwalimu wetu wa fizikia alichukia maksi, na hakuna mwalimu shuleni kwetu aliyezungumzia maksi kama yeye. Aliweza kuanza kipindi na nusu maksi ya mtu fulani na kukimaliza na nusu maksi ya mtu mwingine, na katikati akawa ametuambia kwamba maksi ni ugonjwa. Sisi hatukuona ajabu. Hata pale mtaani kwetu, mzee aliyeongoza kwa kukemea pombe ndiye aliyejua majina ya wauza pombe wote.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye suruali mbili za kazi, ya kijivu na ya kahawia, na viatu vilivyopigwa kiwi hata siku ya matope. Akiuliza swali hakutembea. Alisimama palepale, mikono nyuma, akangoja. Walimu wengine waliuliza swali wakalijibu wenyewe kabla hujameza mate, lakini yeye alingoja mpaka ukaanza kuona aibu kwa niaba yake. Ukijibu, hata ukipatia, alikuwa na neno moja tu: "Kwa sababu?" Neno hilo tulilibeba mpaka majumbani. Nikimwambia mama nimechoka kuchota maji, kaka yangu aliweka mikono nyuma na kuniuliza, "Kwa sababu?", na mama akacheka badala ya kunionea huruma.

Alikuwa na hamu moja, na hakuificha. Alitaka kuona darasa linalobishana juu ya jambo kwa kuwa jambo lenyewe linasumbua akili, si kwa kuwa mbishi atapata kitu. Alisema akiliona hilo hata mara moja atastaafu moyo wake ukiwa mweupe. Tatizo ni mahali alipochagua kulitafuta.

Shule yetu ilikuwa kwenye njia ya machimbo ya Nyakunguru, na miaka ile dhahabu ilikuwa imepamba moto. Zikifika habari kwamba duara la fulani limetoa, yaani shimo lake limekutana na mwamba wenye mali, kesho yake madawati ya nyuma yote yalikuwa matupu. Wavulana walirudi baada ya siku kadhaa, macho mekundu, viatu vipya, na hadithi ambazo hakuna kitabu cha fizikia kingeweza kushindana nazo. Sisi wasichana nasi tulikuwa na sehemu yetu huko, kupika uji wa wachimbaji na kuosha tena mchanga ambao wanaume wameshauosha. Na kila mtu alikula. Mwenye shamba alipata fungu, mwenye duara alipata, mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, alipata, wa kushuka shimoni alipata. Darasani peke yake ndiko mtu alikotoka jasho bure. Ukijibu ukakosea unachekwa, ukijibu kwa Kiingereza kibovu unachekwa zaidi, na ukipatia unaambiwa ukae. Kwa hiyo tulinyamaza. Tulinyamaza kwa adabu, kalamu mkononi, tukisubiri nukuu za ubaoni.

Yeye ukimya ule ulimuuma. Siku moja akaingia akatangaza kwamba kuanzia leo kila swali litakaloulizwa na mwanafunzi lina maksi moja. Sijapata kuona darasa likifufuka vile. Mikono ilijaa kama tunaomba kwenda nje. "Mwalimu, kwa nini ubao ni mweusi?" Maksi moja. "Mwalimu, na kwa nini chaki ni nyeupe?" Maksi moja. Jirani yangu akauliza kama chaki ingekuwa nyeusi, ubao ungekuwaje. Mwalimu aliandika maksi zote, mstari kwa mstari, uso haujabadilika, maana ahadi ni ahadi. Kengele ilipolia alikusanya vitu vyake akasema, "Nimenunua maswali, na ninyi mmenipa makapi." Halafu akacheka. Alikuwa na kicheko cha ghafla, cha mtu aliyepigwa chenga na mtoto wake mwenyewe, na nilimpenda tangu siku ile.

Wiki iliyofuata alikuja na ndoo mbili za maji na vipande vya mpira wa bomba, akatugawa makundi. Kazi yetu ilikuwa kuhamisha maji kutoka ndoo iliyo juu ya dawati hadi ndoo iliyo chini bila kumwaga, bila kuchota, na kueleza kilichotokea. Kila kundi lilipewa maksi ishirini. "Mgawane wenyewe," alisema. "Mimi sikuwepo ndani ya vichwa vyenu, siwezi kujua nani alifikiri nini. Ninyi mnajua." Akatoka nje kabisa, akasimama kwenye kivuli cha stoo.

Sasa, mtu wa Dar es Salaam angetegemea kwamba wanafunzi watagawana sawa kwa sawa, au watampa mwenye akili. Sisi tuligawana kama tulivyoona watu wakigawana. Shule ile wazazi walinunua madawati wenyewe, na dawati tulilofanyia kazi lilikuwa la baba wa kijana mmoja wa kundi letu. Yule kijana alikaa pembeni muda wote akichonga penseli, na ulipofika mgao akadai fungu la mwenye shamba. Akapewa maksi saba. Aliyeshika mpira akahesabiwa kuwa mwenye mashine, akapewa tano. Mmoja alikuwa amesimama nyuma yetu akisema "fanyeni haraka", huyo akawa msimamizi, akapewa nne. Zikabaki nne za wafanyakazi wawili. Mimi ndiye niliyenyonya mpira mpaka nikameza maji, na mimi ndiye niliyegundua kwamba mwisho wa mpira lazima uwe chini zaidi kuliko maji ya juu. Nikapata mbili, na hakuna aliyeona kuna kosa. Hata mimi mwenyewe, kwa muda mfupi, niliona ni halali.

Jioni ile hasira ikanipanda, nikamfuata ofisini.

"Mwalimu, nimedhulumiwa."

"Nani kakudhulumu? Mimi?"

"Kundi langu. Wamenipa mbili."

"Na ulikuwepo walipogawa?"

"Nilikuwepo."

"Ulisema nini?"

Nikamwonyesha daftari lenye ile mbili. Akamimina chai yake kwenye kifuniko cha chupa, akapuliza. Nilitegemea achukue kalamu ya wino mwekundu arekebishe, kama walimu wote wafanyavyo.

"Sitaigusa," alisema. "Lakini kesho nitakupa nafasi uwaambie wao. Usije na machozi, njoo na sababu."

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa. Nikasema fungu langu ni dogo. Kijana mwenye dawati akasimama bila kuitwa. "Kwetu mwenye shamba hashiki sururu, na fungu lake analipata. Hili dawati ni la mzee wangu. Mngefanyia wapi, mgongoni kwa mwalimu?"

Darasa lote likaitikia kwamba kasema kweli.

"Dhahabu iko kwenye shamba, huwezi kuihamisha," nikasema. "Dawati lako tukilitoa nje, tunaweka ndoo dirishani na maji yanapita vilevile. Maji hayakujui."

Wakacheka, safari hii upande wangu. Nikapata nguvu. "Kama amefanya kazi, aseme yeye. Kwa nini maji yanapanda ukingo wa ndoo kwanza ndipo yashuke?"

"Yanavutwa."

"Na nini?"

"Si ulinyonya kwa mdomo? Mdomo ndio umeyavuta."

"Mdomo niliutoa mapema. Mbona hayakusimama?"

Hapo wa nyuma akadakia kwamba upepo unasukuma maji ya ndoo ya juu. Mwingine akasema si upepo, ni uzito wa maji yaliyo upande mrefu wa mpira, yanawavuta wenzao kama ng'ombe wa mbele anavyovuta wa nyuma kwenye kamba. Wakaanza kubishana kwa Kiswahili, kisha kwa Kikurya, maana mtu akiwa na jambo la kweli la kusema hakumbuki lugha ya shule. Mtu akaleta ndoo. Mtu akainua mwisho wa mpira taratibu mpaka ukalingana na maji ya juu, na maji yakasimama, na darasa zima likanyamaza kutazama mpira. Kisha kelele zikarudi upya. Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, anatazama viatu vyake, anatabasamu peke yake.

Mkuu wa shule alitukuta hivyo, sakafu imelowa, wawili wamepanda juu ya dawati la ubishi. Alikuwa mtu mpole aliyewaogopa wakaguzi, na sheria yake ilikuwa Kiingereza kuanzia getini.

"Mwalimu, kuna nini humu?"

"Wanagawana maksi, mkuu."

"Kwa Kikurya?"

"Maksi ni za Kiingereza, mkuu. Ugomvi ni wa kwao."

Mkuu wa shule akatazama maji, akatazama viatu vyake, akaondoka kwa ncha za vidole.

Baada ya siku ile mwalimu akaongeza sharti moja. Yeyote wa kundi anaweza kuitwa mbele aeleze kazi ya kundi, na akishindwa, kundi zima halina cha kugawana. Kwa hiyo wenye akili walilazimika kuwafundisha wenye madawati. Wakati wa mapumziko yule kijana alinifuata na kipande cha mpira shingoni, ananiomba nimweleze tena habari ya upande mrefu na upande mfupi. Aliudhika nilipomweleza haraka. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa anaeleza vizuri kuliko mimi, na nilikuwa nikimwonea wivu. Siku za fizikia, wavulana walitoka Nyakunguru na udongo kwenye vifundo vya miguu, wakaketi, wakabishana, wakapata fungu lao, wakarudi shimoni. Mkuu wa shule akasema hicho ndicho kipindi pekee chenye mahudhurio. Mwalimu alipopongezwa alijibu, "Wanakuja kwenye mgao," na hakulisema kwa furaha.

Nisimfanye malaika. Mtu huyu aliyetufundisha kubisha, yeye mwenyewe hakubishika. Kulikuwa na kiti kimoja ofisini, chenye mguu uliofungwa waya, na ole wako mwalimu mgeni akikikalia. Kuhusu ng'ombe, neno lake lilikuwa la mwisho. Kuhusu kichuri, ile nyama ya Kikurya inayotiwa uchungu wa nyongo, alishikilia kwamba mwanamke hawezi kuipika ikaiva sawasawa, na ukimwuliza kwa nini, alisema tu kwamba ndivyo ilivyo. Mke wake alikuwa mwanamke wa upande wa pili wa mpaka wa Sirari, Mjaluo, mcheshi, mwenye sauti iliyosikika nyumba ya tatu. Siku moja tulipompelekea mwalimu madaftari nyumbani, mkewe alitusikia tunabishana naye kama chungu huchemka upesi kikifunikwa au kikiwa wazi. Mwalimu nilikuwa nimembana na anapapasa maneno. "Wewe mwalimu, si ukubali tu," mkewe akamwambia toka jikoni. "Huyu msichana amekuweza. Hata mimi nimemskia." Mwalimu akasema ni wakati wa sisi kwenda nyumbani.

Alikuwa bahili wa maksi na mkarimu wa kila kitu kingine. Mtu aliweza kupewa nusu ya nusu maksi asubuhi, na mchana akapewa viazi vya mwalimu vyote. Hakupiga. Alipokasirika alifuta ubao, hata kama ubao ulikuwa safi.

Kidato cha nne, muhula wa mwisho wa masomo, aliingia bila ndoo, bila mpira, bila kitu. Akatuomba tusogeze viti karibu. "Leo hakuna maksi," alisema. "Hakuna kundi, hakuna mgao, hakuna nusu. Nataka tuzungumze tu. Mchana nyota zinakwenda wapi?" Akaweka mikono nyuma, akangoja.

Hakuna aliyesema kitu. Si kwamba hatukuwa na mawazo. Mimi nilikuwa nalo, na nadhani wengi walikuwa nalo, lakini kila mmoja alimtazama mwenzake kama watu waliofika kazini wakaambiwa bosi hayupo. Alingoja sana. Nzi wakatembea dirishani. Mwishowe mmoja akainua mkono, na uso wa mwalimu ukafunguka.

"Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

Akasema haitatoka. Akachukua chaki, akaandika nukuu za marudio, nasi tukanakili kwa bidii. Ubao ulipojaa, akafuta taratibu sana, akajaza tena. Niliona huruma, na niliona hasira pia, kwa sababu nilijua kwamba tuliyoyajua tuliyajua kweli, na yeye hakuwa na njia ya kuliona hilo.

Tulifaulu vizuri kuliko shule ilivyotarajia. Kwenye sherehe ya kutuaga alipewa nafasi aseme machache, na akasema machache kweli. "Watoto hawa wamebishana sana. Lakini sijui kama niliwafundisha au niliwaajiri." Wazazi wakacheka wakidhani ni utani. Mke wake hakucheka. Alimtazama mumewe vile mtu anavyomtazama mgonjwa anayekataa kusema panapouma.

Miaka imepita mingi. Mimi nakaa Nkende sasa, nina stoo ndogo ya mahindi na maharage, na msimu wa mavuno nazunguka vijijini na lori la kukodi kununua. Ndivyo nilivyofika Gorong'a mwaka jana, nikaambiwa kuna mwalimu mstaafu ana maharage mazuri. Nikamkuta shambani kwake. Suruali ilikuwa ya kahawia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitambua, na nilipojitaja akaacha jembe.

Tulikaa barazani. Mkewe alileta uji, akaniuliza watoto, akaniuliza mume, akaniambia nimenenepa vizuri. Mwalimu aliuliza habari za mmoja mmoja wa darasa letu. Huyu ana karasha, yule ni nesi, wale wawili wametangulia mbele za haki. Yule wa dawati naye ni fundi wa pampu za maji huko migodini. Akatikisa kichwa kwa kila jina. Kisha akasema, polepole, kama anaongea na kikombe, "Lile darasa nililinunua. Nimelifikiria sana. Ungewaondolea wale watoto maksi, kingebaki nini?"

Nikamwambia asiseme hivyo, kwamba tulijifunza, kwamba kila mtu anamsifu. Alinisikiliza kwa heshima kama anavyosikilizwa mtu anayetoa rambirambi. Nikaona maneno yangu hayamfikii, tukaenda kuangalia maharage.

Upande wa juu wa shamba yalikuwa ya kijani, yamejaa. Upande wa chini majani yalikuwa ya njano.

"Huku mbolea haikufika," alisema. "Mwakani nitaongeza samadi."

"Sio mbolea, mwalimu. Huku maji yanatuama. Mizizi imekosa pumzi."

"Maji yatuame wapi, na ardhi imeinama?"

"Imeinama juu. Chini ya udongo kuna kitu kinazuia."

"Mimi nalima hapa tangu hujazaliwa."

"Na maharage yana njano tangu lini?"

Akanitazama. Akachukua jembe, akachimba upande wa njano, nami nikapiga magoti nikashika udongo. Ulikuwa na unyevu. Nikasema umeona. Akasema unyevu huo ni wa mvua ya juzi, hata juu upo. Tukaenda juu tukachimba, na kweli, ulikuwepo, ingawa kidogo. Akafurahi. Nikamwambia kidogo si sawa na kingi. Akang'oa shina moja la huku na moja la kule, tukalinganisha mizizi, akasema ya chini ni mifupi kwa njaa, nikasema ni mifupi kwa kuoza, akasema ingeoza ingenuka, nikampa anuse. Jirani mmoja mama mtu mzima akapita na mzigo wa kuni, akautua, akasema wote tumekosea, ni wadudu. Tukamgeukia wote wawili.

Dereva wa lori akapiga honi kule barabarani. Nikasema nakuja. Akapiga tena, ndefu, maana alikuwa na mzigo mwingine wa kuchukua kabla ya jioni. Nikampungia mkono aende, nikarudi kwenye shimo, nikamwambia mwalimu tukichimba mpaka kwenye goti tutaona nani mwongo.

Hakuchimba. Alikuwa amesimama na jembe mkononi, anatazama lori likipotea na vumbi lake.

"Limekuacha," alisema.

"Limeniacha."

"Na maharage haya si yako."

"Si yangu."

"Ukinishinda unapata nini?"

"Tuchimbe kwanza, mwalimu," nikasema. Akanitazama, macho yamejaa maji, na hakujisumbua kuyafuta. Kisha akageukia nyumba akamwita mkewe kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani, akamwambia aongeze maji ya ugali, mgeni analala. Akanipa jembe.

"Wewe chimba hapa," alisema. "Mimi nachimba kule."